Nzito si lazima iwe imara: jinsi ya kusoma kilo za motokari za spoti

Nenda popote Lubumbashi panapouzwa motokari za okazio, yaani zilizokwisha kutumika, utamkuta mnunuzi akifanya jambo lile lile: anafungua mlango, anaubamiza, anatega sikio. Mlio ukiwa mzito na mfupi, anaitikia kwa kichwa kwamba hiki ni chuma kweli. Ukiwa mwembamba, anaanza kuteremsha bei. Kipimo hicho tumekirithi kwa wazee waliozoea Mercedes na Peugeot za zamani, na kwa motokari ya kazi hakina ubaya mkubwa. Tatizo linakuja tunapokihamishia kwenye motokari za spoti. Huko, nyingi kati ya zile zilizoundwa kwa ustadi wa juu kabisa zina milango miepesi mno, na nyingine ndani ya mlango hazina hata kitambaa.

Vijana wetu wanabishana usiku kucha: Porsche au Nissan, Lotus au Mazda, ipi nyepesi, ipi imara. Ubishi hauishi kwa sababu mambo mawili tofauti yamefungwa kwenye fundo moja. Uzito ni jambo moja. Ubora wa muundo ni jambo jingine, na mara nyingi mhandisi hodari ni yule aliyefaulu kuongeza la pili huku akipunguza la kwanza.

Mlio wa mlango wenyewe ni kitu kinachotengenezwa. Kiwanda kinabandika vipande vya lami ndani ya bati la mlango ili lisitetemeke, kinazungusha mpira wa kuziba mara mbili, kisha kinachagua kitasa ambacho ulimi wake unaingia bila kugonga. Vyote hivyo vinaongeza kilo, na hakuna hata kimoja kinachoifanya shasi, yaani kiunzi kinachobeba motokari nzima, kuwa ngumu zaidi. Unaweza kuvitia kwenye motokari dhaifu ikatoa mlio wa kifalme.

Tuanze na namba, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Ukisoma kwamba motokari fulani ina kilo 1,100, uliza kwanza: ilipimwa ikiwa na nini ndani? Kuna uzito mkavu, yaani bila esansi (petroli), bila mafuta ya injini, bila maji ya kupooza. Kuna kipimo cha Wajerumani kiitwacho DIN: vimiminika vyote vimo, tanki limejazwa kwa asilimia 90, dereva hayumo. Na kuna kipimo cha Umoja wa Ulaya kinachoongeza kilo 75 kwa ajili ya dereva na mzigo wake mdogo. Porsche huandika hivi viwili vya mwisho kimoja chini ya kingine, ndiyo maana 911 moja inaweza kuonekana ina uzito wa aina mbili na watu wakagombana, kila mmoja akiwa na karatasi ya kweli mkononi.

Ferrari F40 ya mwaka 1987 inaonyesha hatari hiyo vizuri. Zile kilo 1,100 zinazotajwa kila mahali ni uzito mkavu. Matanki yake yanachukua lita 120, na lita moja ya esansi ina karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo kujaza tu kunaongeza kilo 90. Tia mafuta ya injini, tia maji, tia ya freni, umeshavuka 1,200. Anayeiweka F40 kavu kando ya Porsche iliyopimwa kwa DIN ameizawadia Ferrari zaidi ya kilo 100 bila kujua. Alfa Romeo 4C nayo ilitangazwa Ulaya mwaka 2013 kwa kilo 895, kavu. Ilipopelekwa Marekani ikiwa na vimiminika vyake, pamoja na vitu vilivyoongezwa ili ikubaliwe na sheria za huko, ilivuka 1,100. Jina ni lile lile, umbo ni lile lile. Mimi namba mbili zisizopimwa kwa njia moja huwa nakataa kuzilinganisha, hata kama anayezitaja ni rafiki yangu.

Sasa uimara. Shasi nzuri, kwa maneno mafupi, ni ile isiyojisokota. Motokari inapoingia kona kwa kasi, au gurudumu moja linapodumbukia shimoni, bodi nzima inavutwa kujipinda kutoka pembe hadi pembe. Ikijipinda, springi na amortisere (vizuia mitikisiko) haziwezi kufanya kazi sawasawa, kwa sababu mahali zilipofungwa penyewe panahama. Dereva anasikia volani (usukani) imelegea, dashibodi inalia, milango inabana.

Kilo zina mchango mdogo hapo kuliko tunavyodhani. Angalia bati la nyumba. Likiwa tambarare unalikunja kwa mikono. Likipigwa migongo, bila kuongezwa hata gramu moja, linambeba fundi anayetembea juu yake. Ugumu umetoka kwenye umbo. Wanaochora motokari wanafuata njia hiyo hiyo: mihimili iliyo wazi katikati, vizingiti vipana chini ya milango, mfereji mnene unaopita kati ya viti, na paa linalofunga sanduku zima juu. Ukiondoa paa, sanduku limefunguka. Ndiyo maana motokari ya kukunja paa mara nyingi ni nzito kuliko ndugu yake yenye paa: kiwanda kimelazimika kuongeza vyuma chini ili kurudisha ugumu uliopotea juu, na bado mara nyingi haifikii ile nyingine.

Hili unaweza kuliona kwa macho kwenye garaji yoyote ya hapa, kwa kriki (jeki) moja. Weka kriki mahali palipoandaliwa kwa kunyanyulia, karibu na gurudumu moja la mbele, pandisha hadi gurudumu lining'inie. Kisha tazama ule mwanya kati ya mlango na bodi. Kwenye shasi ngumu mwanya unabaki sawa juu hadi chini, na mlango unafunguka na kufungika kama kawaida. Kwenye shasi iliyochoka, au iliyowahi kukatwa na kuunganishwa, mwanya unapanuka upande mmoja na kubana upande wa pili, na mlango unakataa kurudi mpaka uusukume kwa goti. Nimeona mnunuzi akibadilisha nia papo hapo kwa sababu ya mwanya huo, na alifanya vyema, ingawa rangi ilikuwa inang'aa na mlango ulipobamizwa chini ulilia vizuri.

Kuhusu madini yenyewe, aluminiamu ina fundisho ambalo halizungumzwi vya kutosha. Meta moja ya ujazo ya chuma ina karibu kilo 7,850. Ya aluminiamu ina kilo 2,700, kama theluthi moja. Watu wanaishia hapo na kushangilia. Lakini aluminiamu pia inakubali kunyumbuka mara tatu zaidi ya chuma. Ukibadilisha chuma kwa aluminiamu ya unene ule ule, umepoteza theluthi mbili ya kilo na theluthi mbili ya ugumu pamoja. Faida inakuja unapoongeza unene, kwa sababu ugumu wa bati dhidi ya kupinda unakua kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Kapo (boneti) ya aluminiamu ikiwa na unene mara 1.44 ya ile ya chuma, ina ugumu sawa nayo na nusu ya uzito wake. Hesabu hiyo ndogo ndiyo imewasukuma wenye viwanda vingi kuhama.

Honda NSX ya mwaka 1990 ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ikiwa na bodi nzima ya aluminiamu, bodi inayobeba mzigo wote yenyewe, bila fremu nyingine chini yake. Ilisoma karibu kilo 1,370 ikiwa na injini ya silinda sita na kipoza hewa. Mnunuzi wa kwetu hutembea na sumaku mfukoni, anaipitisha kwenye milango kutafuta mastiki ya kuziba mabonde iliyofichwa chini ya rangi. Sumaku isiposhika, anajua hapo paligongwa. Kwenye NSX sumaku haishiki mahali popote pa bodi. Kipimo kizuri, kikipelekwa kwenye madini mengine, kinatoa jibu lisilo na maana.

Lotus Elise ilikwenda mbali zaidi. Ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa na kilo 725 hivi, na shasi yake peke yake kama kilo 68, uzito wa mtu mzima mwembamba. Ni mihimili ya aluminiamu iliyosukumwa kwenye kalibu, kisha ikaunganishwa kwa gundi. Mtu akisikia gundi anaguna. Basi asikilize: ukilehemu aluminiamu, joto linaidhoofisha kandokando ya mshono, na mhandisi inambidi atumie ukuta mnene zaidi ili kufidia udhaifu huo. Gundi ya epoksi haina joto la namna hiyo. Inashika uso wote wa kiungo badala ya mstari mmoja, mzigo unasambaa, na ukuta unaweza kubaki mwembamba. Skrubu chache zimewekwa ili kiungo kisianze kubanduka pembeni kikigongwa. Ndani ya Elise unakanyaga aluminiamu tupu, mlango ni mwepesi, kelele za barabara zinaingia zote. Anayepima kwa sikio angeiita kazi ya ovyo. Mimi naiona kuwa moja ya kazi safi kabisa za uhandisi wa motokari, kwa sababu kila kipande kina kazi na hakuna kilichowekwa ili kukutuliza.

Hapo ndipo tofauti kati ya muundo na umaliziaji inapoonekana. F40 niliyoitaja haina zulia. Mlango unafunguliwa kwa kuvuta kamba. Gundi ya kijani inaonekana kwenye viungo ndani ya kibanda, na rangi ya nje ni nyembamba hata unaona msuko wa nyuzi za kaboni chini yake. Hiyo ni Ferrari ya bei ya juu kuliko zote za wakati wake, na wenyewe waliamua hivyo. Porsche walitoa 911 Carrera RS mwaka 1973 kwa namna mbili: ya kutembelea, kilo 1,075, na ya spoti, kilo 960. Injini ni moja. Kilo 115 zilizo katikati ni viti vinene, vitambaa, vya kuzuia kelele na vitu vya starehe. Wakaenda hadi kutumia vioo na mabati membamba zaidi. Nani atasema ile nyepesi iliundwa vibaya?

Haina maana kwamba nzito ni mbaya. Bugatti Veyron ya mwaka 2005 ina kilo 1,888, na imeundwa kwa uangalifu ambao viwanda vichache vimewahi kuufikia. Ina nguvu za farasi 1,001, turbo 4 (feni za kusukumia injini hewa zaidi), magurudumu yote 4 yanasukuma, na msururu wa radieta za kupooza moto wote huo. Ilifika kilomita 407 kwa saa. McLaren F1, iliyotambulishwa mwaka 1992 ikiwa ya kwanza ya barabarani yenye shasi nzima ya kaboni, ina kilo 1,138 na nguvu za farasi 627, na mwaka 1998 ilifika kilomita 386. Kwa hiyo kilo 750 za ziada hazikuizuia Bugatti kwenda mbio zaidi, kwa sababu kwenye kasi ya namna hiyo adui mkubwa ni upepo, na upepo hauulizi una kilo ngapi. Uzito unadai malipo yake mahali pengine: unapoondoka, unapofunga freni, unapokata kona. Nissan GT-R ya mwaka 2007 ina karibu kilo 1,740. Mazda MX-5 ya kizazi cha nne ina kama 1,050. Zote mbili zikisimama kutoka kasi moja, freni za Nissan zinameza joto theluthi mbili zaidi. Nissan wakaweka diski kubwa, ambazo nazo ni kilo, ambazo nazo zinahitaji janti (rimu) kubwa. Uzito una tabia ya kuita uzito mwingine.

Kilo nazo hazilingani. Zilizo kwenye janti, pine (tairi) na diski ndizo zinazoumiza zaidi, kwa kuwa hazibebwi na springi. Zinarukaruka zenyewe na amortisere inahangaika kuzituliza. Porsche wanasema diski zao za kauri zina nusu ya uzito wa zile za chuma cha kalibu zenye ukubwa sawa. Kilo zilizo juu kwenye paa zinainamisha motokari kwenye kona, ndiyo maana 911 GT3 RS ya mwaka 2015 ilipewa paa la magnesi. Kilo zilizo chini kabisa, katikati ya magurudumu, ndizo zinazosumbua kidogo kuliko zote.

Kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Lubumbashi iko karibu meta 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyembamba, na injini isiyo na turbo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kulinganisha na siku iliposhushwa kwenye bandari ya Dar es Salaam. Kilo zake hazikupungua njiani. Kwa hiyo uwiano wa nguvu na uzito ulioandikwa kwenye kitabu ni wa pwani. Hapa motokari hiyo hiyo ni nzito zaidi kwa injini yake. Ukiwa unachagua kati ya mbili zisizo na turbo, ile nyepesi ina thamani zaidi huku kwetu Katanga kuliko Yokohama, pwani ya Japani.

Barabara nazo zina neno. Kuna shasi ngumu iliyochorwa kwa lami laini ya Ulaya, springi fupi, janti kubwa, pine nyembamba kama mkanda. Janti ya aluminiamu ya kumiminwa ikipiga ukingo wa shimo kwa kasi inapasuka; ya kufuliwa kwa nyundo za kiwanda inapinda kwanza. Na usisahau upande wa chini. Motokari zilizokaa sehemu za Japani zenye theluji zimetembea juu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, na chumvi inakula vizingiti na sehemu za kushikilia springi. Shasi iliyokuwa bora kiwandani haibaki bora ikiwa imeliwa na kutu ndani ya mihimili, hata kama mtu ameipaka rangi nyeusi jana yake.

Halafu kuna matengenezo, na hapa nasema kwa moyo mzito kwa sababu nawaheshimu sana matolie wetu, mafundi wa kunyoosha bodi. Tolie wa Katuba au Kenya, mitaa yetu ya Lubumbashi, anaweza kukunyooshea ubavu wa motokari ya chuma mpaka usijue ulipogongwa. Aluminiamu inamnyima silaha zake. Chuma kikipata moto kinabadilika rangi, kinakuwa chekundu, kinamwonya fundi. Aluminiamu haimwonyi, inabaki na rangi yake hadi inapoanguka chini kwenye nyuzi 660 hivi. Juu yake kuna utando wa oksidi ambao hauyeyuki mpaka nyuzi 2,000 na zaidi, kwa hiyo bila gesi ya argoni na mashine inayofaa mshono haushiki. Hata nyundo na brashi iliyotoka kwenye chuma inaacha chembe, na mahali hapo madini hayo mawili yakikutana na unyevu, aluminiamu inaanza kuoza. Shasi ya gundi ikipinda haipigwi moto kabisa. Kaboni iliyopasuka ndani inaweza kuonekana nzima kwa nje. Mimi naamini ubora wa muundo lazima uhesabiwe pamoja na mahali motokari itakapoishi. Kwa mtu wa Lubumbashi asiye na njia ya kuipeleka nje, MX-5 ya chuma ya kilo 1,050 ni chaguo la busara kuliko Elise nyepesi zaidi, ingawa kwenye karatasi Elise inashinda.

Wengi wanauliza kwa nini motokari mpya zimenenepa. 911 ya mwaka 1964 ilikuwa na kilo 1,080 hivi. Carrera ya kizazi cha 992 ina kama 1,500. Sehemu kubwa ni usalama: mihimili ndani ya milango, mifuko ya hewa, pua iliyotengenezwa ijikunje ili wewe usijikunje. Nyingine ni starehe, skrini, nyaya. Sasa imekuja betri, na hapa jambo linatufikia hadi mlangoni, sisi tulio katika mji uliozaliwa na shaba iliyoanza kuyeyushwa hapa mwaka 1911. Motokari ya umeme hubeba shaba zaidi ya mara tatu ya ile ya esansi, na betri za aina nyingi zina kobalti, ambayo zaidi ya nusu ya inayochimbwa duniani hutoka Kongo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Tesla Roadster ya mwaka 2008, kwa sababu shasi yake ilitokana na ile ile ya Lotus Elise na kuundwa kwa Lotus, Uingereza. Betri yake ilikuwa na seli 6,831 za lithi na kobalti, na uzito wa kama kilo 450. Motokari nzima ikafika karibu kilo 1,300, kutoka kwenye mfumo ulioanza na 725. Bado ilichomoka kwa nguvu, lakini iliwabidi kuimarisha shasi ili ibebe mzigo. Porsche Taycan Turbo S imefika kilo 2,295, na karibu kilo 630 kati ya hizo ni betri. Imeundwa kwa ustadi, betri imelazwa chini kabisa na sanduku lake linaongeza ugumu wa bodi, hivyo inakata kona vizuri kuliko kilo zake zinavyotishia. Freni na pine ndizo zinazolipa.

Ukitaka kujua kilo za kweli za motokari unayoifikiria, usitegemee tangazo. Mizani ya malori iko kwenye barabara ya Kasumbalesa na kwenye mahangari ya wafanyabiashara wa madini, na ukiomba kwa adabu wakati hakuna foleni wanaweza kukupimia. Jaza tanki kwanza, toa kilichomo kwenye buti, shuka. Pima nzima, kisha weka magurudumu ya mbele peke yake juu ya mizani. Mizani hiyo inasoma kwa hatua kubwa, kwa hiyo usigombanie kilo kumi. Ukigawa namba ya mbele kwa namba ya jumla utajua mzigo umelala wapi: MX-5 inakaribia nusu kwa nusu, 911 ina karibu theluthi mbili nyuma. Ikiwa kitabu kinasema DIN na wewe umejaza tanki pomoni, toa asilimia 10 ya esansi, ndipo ulinganishe.